Nani Aliyefunika Bangi ya Lorne?

Saa tatu asubuhi mashuka yalikuwa bado yamefunika mimea, na jambo hilo lilimuudhi Sajini Darlene Makortoff hata kabla hajafunga mlango wa gari.

"Nani kayaacha haya?" aliuliza.

Askari aliyekuwa akilinda lango, Fournier, mwanamume mnene aliyehamishwa kutoka mjini, aligeuka kutazama shamba. "Kaacha nini, afande?"

"Mashuka, Fournier. Jua limeshatoka. Watu wanafunika usiku jalidi inaposhuka, umande ukaganda kuwa barafu, asubuhi wanafunua. Ukiyaacha, mimea inatoka jasho humo ndani, na kesho maua yote yameota ukungu."

"Tuliambiwa tusiguse kitu. Ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

Fournier akakuna shingo. "Si wa kwamba marehemu alifunika mimea yake, afande?"

Darlene alivuta kofia ya sufu hadi masikioni, akaruka utepe wa polisi na kuingia shambani. Mikono ilikuwa inamwasha kuyavuta mashuka yale. Amezaliwa katika bonde hili la Slocan, na mama yake alilima bangi miaka mingi kabla serikali haijairuhusu. Alijizuia, akaitia mikono mfukoni.

Habari zenyewe hadi asubuhi ile ya Alhamisi zilikuwa hivi. Jumatano, mtu wa kuleta mitungi ya gesi alimkuta Lorne Kabatoff, mzee wa miaka sabini na mmoja, amelala chini ya ngazi kwenye banda lake la kukaushia. Alikuwa amekufa. Jioni ya Jumanne, saa kumi na moja na nusu, gari la Casey, mtoto wa kambo wa Lorne, lilionekana langoni. Casey na Lorne walikuwa wakigombana majira yote ya joto kuhusu nani atarithi shamba. Basi Inspekta Beaudry, mkuu wa Darlene, akaona kazi imekwisha. Casey alikuwa mahabusu, na saa kumi alasiri ya leo angefikishwa mbele ya jaji kwa kosa la kuua. Akishasomewa shtaka, dhamana asahau, na mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Mimi nilipiga honi tu," Casey alikuwa ameapa. "Hakutoka. Nikaenda zangu kazini." Kazini ni kiwanda cha mbao, mwendo wa saa moja kwa gari, na kadi yake ilionyesha aliingia saa kumi na mbili na nusu jioni na kutoka alfajiri. Beaudry alisema hilo halimsaidii kitu. Kumsukuma mzee kwenye ngazi ni kazi ya dakika moja.

Darlene alipita kati ya mistari akihesabu. Mimea ishirini na minne, kama kibali cha Lorne cha kulima bangi ya dawa kilivyosema, na mashuka ishirini na manne. Kila shuka lilikuwa limetandazwa juu ya fito nne ili lisiguse majani, na pindo zake zilishuka hadi ardhini zikabanwa kwa mawe, ili joto la udongo libaki ndani. Kazi safi. Mtu aliyeifanya hakuwa na haraka wala hakuwa mwanagenzi.

Pembeni, karibu na kisima, ulisimama mmea wa ishirini na tano. Huo haukuwa na shuka. Majani yake yalikuwa yamelegea na kuwa meusi, kama mchicha uliochemshwa ukasahaulika jikoni. Darlene alichuchumaa, akageuza tawi. Vishada vilivyobaki havikuwa maua ya jike hata kidogo. Vilikuwa vifuko vidogo vya chavua.

"Loo, Lorne," alisema kwa sauti. "Ulifuga dume?"

"Dume la nini?" Fournier alikuwa amemfuata nyuma akitweta.

"La bangi. Bangi ina dume na jike. Watu wanataka jike ambalo halijapata chavua, maana hilo ndilo linalotoa maua mazuri yenye utomvu. Dume wanaling'oa mapema. Mtu akiacha dume, basi anataka mbegu. Na anayetaka mbegu analitunza dume lake kama mboni ya jicho."

"Sasa?"

"Sasa niambie, ungekuwa wewe Lorne, ungefunika majike yote, halafu dume lako la mbegu uliache uchi life kwa baridi?"

Fournier alifikiri kwa bidii. "Labda shuka ziliisha."

Darlene alienda barazani na kufunua sanduku la mbao. Mlikuwa na mashuka mengine saba, yamekunjwa vizuri.

"Haya, hazikuisha," Fournier alikiri.

Jikoni kwa Lorne kulinuka vitunguu na kahawa ya juzi. Simu ya waya ilikuwa ukutani, ile yenye kioo kidogo cha kuonyesha namba, kwa sababu kule bondeni simu za mkononi hazishiki mtandao. Darlene alibonyeza kutazama simu ambazo Lorne hakupokea tangu Jumanne. Ilikuwa moja tu. Duka la dawa, saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Baada ya hapo hakuna kitu.

Kwa hiyo saa kumi na mbili Lorne alishaanguka, au angepokea. Mzee yule hakuwa mtu wa kuacha simu ilie. Darlene akapiga kituo cha hali ya hewa cha mkoa, akajitambulisha, akauliza swali moja. Yule dada wa upande wa pili alichukua muda kutafuta.

"Jumanne mchana tulitangaza mawingu, nyuzi nne juu ya sifuri. Hapakuwa na tahadhari. Mawingu yaliondoka ghafla jioni. Tahadhari ya jalidi tuliitoa saa mbili na robo usiku."

"Kabla ya hapo hakuna mtu angeitegemea?"

"Hata sisi hatukuitegemea, Sajini."

Darlene alikata simu, kisha akampigia Beaudry papo hapo.

"Mkuu, mzee alianguka kabla ya saa kumi na mbili. Mimea imefunikwa baada ya saa mbili na robo. Casey alikuwa kiwandani. Kuna mtu mwingine aliyekuwa hapa usiku huo, na amenyamaza."

"Mzee alifunika mapema. Wazee wana wasiwasi."

"Hakuna mkulima atakayefunika jioni yenye mawingu na unyevu. Ni kujitakia ukungu."

"Darlene, unataka nimwachie mshukiwa kwa sababu ya mashuka?"

"Nataka unipe hadi saa kumi."

"Hiyo saa kumi imepangwa na mahakama, si mimi," alisema Beaudry, na akakata.

Karibu na simu palikuwa na karatasi ya majina na namba iliyobandikwa kwa gundi, imefifia kwa moshi wa jiko. Darlene aliijua kabla hajaisoma. Nyumbani kwao ilikuwapo kama hiyo. Watu wa bondeni waliiita mnyororo. Aliye juu kabisa bondeni ndiye anayeona nyota kwanza mawingu yakiondoka. Anampigia wa chini yake, naye anampigia wa chini yake, hadi wa mwisho mtoni. Simu usiku wa jalidi hazina salamu. Ni neno moja tu, "Funika," kisha unakata. Kwenye karatasi ya Lorne, jina lililo juu yake lilikuwa Elmer Stoochnoff. Lililo chini yake lilikuwa Rhys.

Alianza na Rhys, maana ndiye ambaye watu wote bondeni walimtilia shaka. Alikuwa mgeni, amekuja mwaka jana kutoka Toronto na ndevu ndefu na vitabu vya kilimo, na mara mbili Lorne alimfukuza shambani kwake. Darlene alimkuta nyuma ya nyumba akirundika matawi haraka haraka chini ya turubai. Alipoona sare alisimama wima. Kiganja chake kilikuwa na mkwaruzo mrefu.

"Unaficha nini, Rhys?"

"Sifichi kitu, afande."

"Basi toa turubai."

Rhys alitoa. Mimea sita iliyokatwa, majani yamebabuka meusi. Sheria inaruhusu minne kwa nyumba.

"Ndiyo maana umeshtuka hivi? Mimea miwili ya ziada?"

"Nitafungwa?"

"Kwa takataka hii? Wewe umeshaadhibiwa." Darlene aliinua tawi moja. "Ulifunika kwa kitu gani?"

"Kwa nailoni. Niliivingirisha vizuri kabisa, ikashika kila mahali."

"Ndiyo hapo ulipoiua. Nailoni ikigusa jani, baridi inapita moja kwa moja. Hukuambiwa na mtu?"

"Lorne aliniambia. Nilidhani ananidhihaki." Rhys alitazama chini. "Huu mkwaruzo ni wa waya wa kufungia nailoni, kama unauliza."

"Nilikuwa nauliza. Jumanne usiku, nani alikuambia ufunike?"

"Elmer. Alipiga simu kama saa mbili na nusu."

Darlene aliliacha tawi lianguke. "Elmer mwenyewe? Siku zote nani anakupigia?"

"Lorne. Kila mara ni Lorne, na huwa ananitukana kidogo kabla ya kukata." Rhys alifikiri. "Ndiyo, hata mimi nilishangaa. Nikamwuliza Elmer, 'Lorne yuko wapi?' Akasema, 'Funika, kijana,' akakata."

Hakuwa mkulima huyu, basi. Mtu anayevingirisha nailoni kwenye mimea yake mwenyewe hawezi kuinua mashuka ishirini na manne juu ya fito kwenye shamba la jirani. Njia ya mwongo ni fupi, nayo ya Rhys iliishia kwenye rundo la matawi yaliyobabuka.

Daktari aliyeupima mwili wa Lorne alimpata Darlene kwenye redio ya gari akiwa njiani kwenda juu kwa Elmer. Aliongea dakika tatu. Darlene aliegesha pembeni ili amsikie vizuri, na alipomaliza akawasha gari tena kwa hasira.

Elmer Stoochnoff alikuwa anavuna. Ilikuwa saa saba mchana. Mzee wa miaka sitini na minane, mwembamba, mrefu, alikaa barazani na mkasi mdogo, akipogoa majani na kuacha maua. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Alipomwona, hakuinuka.

"Binti wa Polya Makortoff," alisema. "Umekuja kunikamata au kunisaidia kupogoa?"

"Nitaanza na kupogoa, Mzee Elmer."

"Vuta kiti. Kuna supu ya borshi jikoni, bado ya moto."

"Nimeshakula." Hakuwa amekula. Aliketi, akachukua mkasi wa pili. "Mbona unavuna mapema? Wiki moja bado."

"Mifupa yangu imechoka kungoja."

"Pole kwa Lorne."

"Miaka arobaini, mwanangu. Tulilima pamoja tangu enzi za kujificha na helikopta za polisi zikituzunguka. Alikuwa zaidi ya ndugu." Mkasi wake haukusimama. "Yule Casey ana roho ngumu. Nilimwambia Lorne, huyo kijana atakuletea msiba."

"Jumanne usiku ulimpigia simu Lorne ya kufunika?"

"Ndiyo. Haikupokelewa. Nikampigia yule wa Toronto badala yake."

"Iliita mara ngapi?"

"Nani anahesabu? Mara kumi."

"Simu ya Lorne inaandika kila anayepiga, Mzee Elmer. Jioni ile imeandika duka la dawa peke yake."

Mkasi ulisita, kisha ukaendelea. "Labda nilikosea namba. Macho yangu haya."

"Namba ya miaka arobaini?"

Elmer alikohoa. Darlene alichukua ua moja kwenye sinia, lililonona, akaliminya kati ya vidole viwili. Mbegu tatu zilidondoka kiganjani mwake, za kahawia, zenye madoa. Akachukua la pili. Mbegu tano. La tatu pia.

"Loo! Yote?" aliuliza kwa upole, na upole ule haukuwa wa uongo.

"Yote." Sauti ya mzee ilibadilika. "Kila ua. Msimu mzima, tangu theluji ilipoyeyuka, nimepanda, nimebeba maji, nimeamka usiku. Halafu nani atanunua mbegu hizi? Sungura?"

"Chavua ya dume la Lorne."

"Nilimwambia aling'oe! Mwezi wa nane nilimwambia. Akasema upepo unashuka kwenda mtoni, hauwezi kupanda kuja kwangu. Akacheka!" Elmer aliupiga mkasi juu ya meza. "Upepo unafuata amri ya Lorne Kabatoff, eti?"

"Jumanne ndiyo uliziona mbegu."

Elmer aliokota mkasi, akauweka tena.

"Mtu aliyefunika shamba la Lorne alikuwa fundi," Darlene alisema. "Alifunika majike yote. Dume akaliacha life. Mashuka saba yalibaki sandukuni. Nani mwingine bondeni alikuwa na kisa na dume lile?"

Elmer alivua miwani. Alijaribu kuifuta kwa shati, lakini utomvu wa vidole ukaipaka zaidi. Akaiweka chini.

"Ukoo wetu haujawahi kushika bunduki," alisema. "Babu zetu walizichoma kwa ajili ya imani yao. Mimi sijampiga mtu tangu nizaliwe."

"Sijasema ulimpiga."

"Alikuwa juu ya ngazi, anatundika matawi. Nikamwonyesha mbegu. Akasema, 'Elmer, zipande, utapata bangi bora kuliko yako.' Nikatikisa ngazi. Nilitaka ashuke tuongee kama watu, basi. Nilitikisa mara moja tu."

"Halafu?"

"Akaanguka. Hakusema kitu. Nikasikia gari langoni, honi. Nikatoka kwa nyuma, nikapita msituni." Alitazama milima. "Usiku nikaona nyota zimetoka. Nikajua jalidi itashuka, na Lorne hayupo wa kufunika. Ningeiachaje, Darlene? Ungeweza wewe? Mimea ile haikunikosea. Nikarudi na tochi."

"Casey yuko ndani kwa siku ya pili, Mzee. Mkewe anakaribia kujifungua. Ulijua."

"Nilijua."

Darlene aliingia ndani, akatumia simu ya ukutani. Saa ilikuwa nane na dakika kumi. Beaudry alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Amekiri?"

"Kwa kinywa chake. Nitamleta aandike. Mwachie Casey sasa hivi, mkuu, kabla hajapandishwa kwenye gari la mahakamani."

"Namwachia. Darlene... mashuka, eh?"

"Mashuka, na simu isiyopigwa."

Aliporudi barazani, Elmer alikuwa amevaa koti na kunawa mikono, ingawa utomvu ule hautoki kwa sabuni. Alikuwa ameyafunika maua yote kwa kitambaa safi. Walisubiri gari la Fournier wakiwa wamesimama. Mzee alichezea kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena.

"Angalau hakuteseka," alisema. "Alikufa pale pale."

Darlene angeweza kunyamaza. Alitazama barabarani, gari lilikuwa bado halijaonekana. Alikumbuka daktari alivyosema yale maneno taratibu, kama mtu asiyetaka kuyasema.

"Hapana," alisema. "Alivunjika nyonga. Hakuweza kusimama. Kichwani alikuwa na mchubuko tu. Alikufa kwa baridi, Mzee Elmer. Alfajiri."

Elmer alimtazama kama hakuelewa lugha.

"Uliporudi na tochi alikuwa hai. Ulifanya kazi pale saa nzima, hatua thelathini kutoka bandani. Hukuingia kumtazama?"

"Niliogopa kumwona." Alishika nguzo ya baraza. "Kuna kitu kilikuwa kinagonga mbao. Kule bandani. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Nikajiambia ni mlango unapigwa na upepo."

"Upepo ukivuma, jalidi haishuki," Darlene alisema. "Unalijua hilo kuliko mimi. Usiku ule jani halikutikisika bonde zima."

Gari la Fournier lilitokea kwenye kona, likapunguza mwendo.

"Najua," alisema Elmer. "Nilijua pale pale, mwanangu. Nikachukua shuka jingine."